Shemeji wa Don Ruggero

Ili kuingia, ilibidi Fortunata apite ndani ya kabati la nguo. Saveria alitangulia, akayasukuma kando makoti ya mumewe, akabandua ubao wa nyuma, kisha akamshika mkono kama anayemvusha mtoto barabara. Upande wa pili kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Ndani yake mlikuwa na kitanda, kiti, feni ndogo, sanamu ya Bikira Maria, na mzee aliyekuwa akikohoa.

"Ni mjomba wangu, ametoka Reggio," alisema Saveria.

"Pole, mjomba," alisema Fortunata, akaanza kuandaa sindano.

Hakuuliza zaidi. Alikuwa mchoma sindano wa Castelvara tangu ujana wake. Alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake, akamchoma padri, akamchoma mwalimu, akawachoma wachunga mbuzi, na hakuwahi kupeleka habari za huyu kwa yule. Isitoshe, mzee huyu Fortunata alimjua. Nani katika milima ile ya Calabria asingemjua Bastiano Scordo, kaka yake Saveria? Picha yake ya mtu anayesakwa, ya enzi za nywele nyeusi, ilibandikwa nje ya kituo cha polisi, na watu walipoipita waligeuza macho upande wa kanisa.

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Mjomba! Huyu mama ana adabu. Choma basi, mwanangu, usiogope."

Lakini Fortunata aliogopa, na mkono wake ulipokuwa ukitafuta pamba, kitabu kikamtoka mkobani kikaanguka chini. Bastiano alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili; aliona vivuli tu. Alikipapasa sakafuni, akaligusa gazeti lililofunika jalada.

"Kitabu cha sala?"

"Hapana. Ni hadithi."

"Hadithi ya nini?"

Kule kabatini Saveria aliacha kupumua.

"Ya familia moja. Ya Sicily."

"Familia ya namna gani?"

"Ya namna ile," alisema Fortunata.

Fortunata alisubiri, sindano mkononi, akijiuliza kama wangemwacha atoke kwa kupitia kabati lile lile. Vitabu hivyo alivisoma tangu alipofiwa na mumewe, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikivika gazeti ili jirani asione. Castelvara kulikuwa na nyumba ambazo mtu hapiti bila kushusha sauti, na majina yasiyotamkwa hata jikoni. Vitabu viliyatamka. Viliufungua mlango, vikamketisha msomaji mezani katikati ya wale watu, akasikia wanacheka nini, wanagombania nini, baba anamwambia nini mwana kabla ya kumtuma akaue. Na moyo ulipomwenda mbio kupita kiasi, Fortunata alikifunga kitabu akaenda kumwagilia mirehani yake. Hakujua raha nyingine iliyofanana na hiyo.

"Nisomee," alisema Bastiano.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi, sindano, kisha kurasa. Mzee alilala chali, mikono juu ya kifua, akisikiliza kwa makini na kukosoa.

"Wanaongea mno hao. Sisi kwetu mtu akiongea hivyo kwenye kikao anapelekwa kwa daktari."

"Ndivyo kilivyoandikwa, mjomba."

"Na wamekula nini? Rudia pale walipokula."

Fortunata alirudia: mwanambuzi wa tanuri, biringanya, divai nyeusi. Walipofika mahali ambapo wana wa Don Ruggero, baba wa familia ile ya kitabuni, walirudi nyumbani Krismasi na kumbusu baba yao mkono, machozi yalimtoka mzee yakaingia masikioni. Wanawe yeye walikuwa Milano, na hawakuleta hata salamu. Siku ile Fortunata alimwonea huruma, na huruma ikamfanya azembee. Aliendelea kusoma bila kutazama mbele kitabu kinaelekea wapi.

Bastiano ndiye aliyeona kwanza.

"Huyu Alfio," alisema siku moja, "huyu shemeji anayemficha Don Ruggero nyumbani kwake. Simpendi."

"Kwa nini? Ni mpole."

"Anauliza sana. 'Utahitaji nini mjini, shemeji? Umelala vizuri, shemeji?' Mtu mwema haulizi hivyo."

Wakati huo huo ubao ulisogezwa, na Nunziato, mume wa Saveria, akaingia na bakuli la supu. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono ya mkulima, na siku zote aliinama kupita mle kabatini kama anayeingia kuungama.

"Umelala vizuri, shemeji?" aliuliza.

Feni ilizunguka. Bastiano aliugeuza uso wake kuelekea ile sauti.

"Onja kwanza."

"Nini?"

"Supu. Onja wewe kwanza."

Nunziato alicheka, akaonja kijiko kimoja, akalamba midomo. "Imezidi chumvi. Mlaumu dada yako." Akatoka akiwa bado anacheka.

Bastiano hakucheka. Kesho yake alimwonjesha tena.

Fortunata alirudi nyumbani, akaketi na koti lake mwilini, akasoma mpaka mwisho. Alfio alimuuza Don Ruggero. Alishuka kwa polisi siku ya sikukuu, akawachorea ramani ya nyumba, akarudi kula chakula cha mchana pamoja naye. Fortunata aliusoma ukurasa ule mara mbili. Alikuwa ameshasoma vifo vingi katika vitabu, huku akila lozi. Kifo hiki kilikuwa na mikono ya mkulima, mikono ya Nunziato, na kilikuwa hakijui lolote.

Asubuhi Saveria alimkamata jikoni kabla hajaingia, akamminya mkono juu ya kiwiko.

"Unamsomea nini kaka yangu?"

"Hadithi tu."

"Jana ameniuliza mume wangu alikuwa wapi Alhamisi. Alikuwa kwa fundi wa meno, Fortunata! Nimemwonyesha jino lenyewe. Akasema, 'Jino si ushahidi.'" Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe hujui. Mimi najua. Binamu yetu Rocco alianza kuulizwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa upole."

Rocco hakupatikana tena. Hilo Fortunata alilijua, kama mji mzima ulivyolijua.

"Nitamwambia kimepotea," alisema.

Alipomwambia, Bastiano hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kitafute," alisema taratibu. "Au kuna mtu amekwambia ukifiche? Shemeji yangu, labda?"

"Hapana! Hapana, mjomba. Nadhani kiko chini ya mto."

Kesho yake alikileta. Alimchoma sindano, akakaa, akakifungua pale walipoishia. Saveria alisema anakwenda kukaanga pilipili, ubao ukafungwa nyuma yake. Fortunata alisoma yaliyoandikwa mpaka asubuhi ya sikukuu, mpaka Alfio alipovaa kofia yake. Hapo aliacha macho juu ya maandishi, na kinywa kikashika njia yake chenyewe.

"'Alfio alivaa kofia,'" alisema, "'akaenda kanisani, akamwombea shemeji yake. Lakini kule chini polisi walikuwa wamezungumza na mwoka mikate. Nyumba ya watu wawili, ikinunua mikate ya watu watatu. Hakuna aliyesema neno. Walihesabu mikate tu.'"

Alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. Akiendelea kutunga, aliwaingiza askari nyumbani kwa Alfio, akawafunga pingu wote wawili, Don Ruggero na Alfio, akampiga Alfio vibaya mno mle kituoni naye asitaje jina hata moja. Kisha akafunga kitabu.

Mzee aligeuza sikio kuelekea kitabu.

"Mikate," alisema Bastiano.

"Ndiyo, mjomba."

"Siku zote unasoma polepole. Leo umekimbia."

"Nilitaka kujua mwisho."

"Siku zote ukifika mwisho wa ukurasa nasikia karatasi. Leo sijasikia karatasi." Alijiinua akakaa. Bila miwani na bila meno alionekana mdogo, lakini mkono alioutoa ulitulia kama wa kijana. "Nipe."

Fortunata alimpa.

"Saveria!" aliita mzee, akagonga ubao kwa ngumi. "Acha pilipili zako, njoo."

Ubao ulisogea. Saveria aliingia akijifuta mikono kwenye aproni.

"Wewe ulikuwa jikoni. Hujui tulichosoma. Nisomee ukurasa wa mwisho. Kama ulivyo, usiruke neno."

"Kaka, mimi na kusoma…"

"Umefika darasa la tano. Soma."

Saveria alikichukua. Fortunata alimwona akifungua mwishoni, akaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, midomo ikitikisika bila sauti, kama mtu anayesoma barua ya msiba kabla ya kuwaambia wengine. Alifika pale Alfio anapomuuza shemeji yake. Alisimama hapo. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka nyuma ya masikio. Fortunata alimwomba Bikira Maria wa ukutani, na hakujua amwombe nini hasa, kwa kuwa Saveria hakuwa na njia ya kujua uongo gani umekwisha kusemwa mle ndani.

"'Hakuna,'" alisoma Saveria, kwa sauti ya mtoto wa shule, akivuta kila neno. "'Hakuna aliyesema neno. Walihesabu… mikate tu.'"

Saveria hakuwa amekanyaga jikoni. Alikuwa amesimama muda wote mle kabatini, kati ya makoti ya mumewe, akisikiliza. Saveria aliendelea. Aliwafunga pingu wote wawili. Alimpiga Alfio. Mahali fulani aligeuza ukurasa, ingawa hapakuwa na haja, ili karatasi isikike.

Bastiano alilala tena. Aliitazama dari kwa macho yake meupe.

"Mikate," alisema. "Upumbavu gani huo! Mtu mzima kama yule." Halafu: "Wewe unanunua mingapi?"

"Naoka mwenyewe, kaka."

"Na unga?"

"Unga analeta Nunziato kutoka kinuni. Wetu na wa kuku."

Alifikiri kwa muda mrefu. "Vizuri," alisema hatimaye. "Mwambie aniletee supu. Na wewe, mwanangu, kesho lete kingine."

Jikoni hapakuwa na harufu ya pilipili. Saveria alifungua jiko la kuni akakisukuma kitabu ndani kwa koleo, akasimama kukiangalia kikishika moto, na hakusema asante.

"Macho yako yameharibika," alisema bila kugeuka. "Kuanzia leo huoni herufi. Umenisikia? Unaona mishipa tu."

"Nimekusikia."

"Na mume wangu hajui kwamba anashukiwa. Usimtie wazimu."

Fortunata alitoka. Nunziato alikuwa uani akipasua kuni. Alipomwona alikita shoka kwenye gogo, akajifuta jasho kwa mkono.

"Kitabu kimekwisha?" aliuliza, akipunguza sauti na kutabasamu kama mtoto anayeomba peremende. "Saveria hunisimulia tukilala. Nambie basi, dada. Yule Alfio. Alimuuza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alikaa kimya. Walimpiga, akakaa kimya."

Tabasamu la Nunziato lilififia polepole. Alilitazama dirisha la jikoni, kisha akatazama barabara inayoshuka kwa kona nyingi mpaka mjini, kwa polisi.

"Baada ya miaka yote ile," alisema, "kuinama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kuonjeshwa." Aling'oa shoka. "Mjinga yule. Mimi nilidhani ana akili."

Fortunata aliukumbatia mkoba wake kifuani, akaaga, akashika njia. Hakutaka kukimbia kwa sababu Nunziato alikuwa akimtazama. Alipofika kona ya kwanza alisikiliza kama shoka limeanza tena kupasua kuni. Halikuwa limeanza.