Kipengele cha Tisa

Saa mbili na robo asubuhi darasani walibaki watoto arobaini na watano. Wengine hamsini na tisa, wale wa kusoma kwa kudonoadonoa na wale waliozoea kukaa dirishani kama njiwa, mwalimu mkuu alikuwa amewasukumia stoo ya madawati mabovu, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Watoto walimwita Bwana Takwimu.

"Mwongozo unataka arobaini na watano," alimwambia mwalimu wa darasa la tatu. "Ndio hao. Dada yangu, miaka minne ya mkataba inatosha. Leo ukipasi ukaguzi, unaajiriwa. Ukiboronga, Ijumaa unakabidhi chaki."

"Na wale, mkuu? Mle hamna hata dirisha."

"Saa moja tu. Nimewaambia ni mchezo."

Mkaguzi akaingia na fomu yake. Somo lilikuwa limekaririshwa wiki mbili: nani ajibu, nani akosee kidogo ili lisinuke mazoezi. Hata kicheko kilikuwa na zamu yake. Mwalimu alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, masikio yote yako upande wa stoo.

"Safi," alisema mkaguzi. "Mtoto mwenye hofu hajifunzi, na hapa sioni hofu. Kipengele cha tisa: mwanafunzi aulize swali lake mwenyewe."

Bwana Takwimu akamkonyeza kiranja. Lakini aliyesimama ni binti wa dawati la nyuma.

Huyu mwaka jana alichapwa ili aseme, akazidi kuwa bubu. Mwalimu huyu ndiye aliyemwacha amnong'oneze sikioni, neno moja kwa siku, miezi saba bila kumharakisha. "Ukiuliza," alimwambia kila siku, "utajibiwa." Kwa sauti alikuwa hajawahi. Leo aliachwa darasani kwa sababu, kwa ububu wake, asingeharibu kitu.

"Mwalimu," alisema binti, "pacha wangu atatoka stoo saa ngapi? Analia."

Ukuta wa upande wa stoo ukagongwa. Mara mbili.

Bwana Takwimu alikuwa amekodoa macho, mkono umeshika mfuko wa ufunguo. Mwalimu akafungua mdomo.

"Swali zuri," alijikuta akisema. "Nani atamjibu mwenzenu?"

Macho ya darasa yakamgeukia kiranja.

"Umeona?" mkaguzi alimwambia Bwana Takwimu, akitia alama ya vema kwenye fomu. "Hakukimbilia kujibu. Amelirudisha swali kwa darasa. Hiyo ndiyo mbinu shirikishi! Alama zote."

"Chai inapoa, mheshimiwa," alisema Bwana Takwimu, na wakaondoka pamoja na ufunguo.

Mwalimu alikimbilia stoo, akalitikisa kufuli kwa mikono miwili. Chini ya mlango vidole vidogo vilikuwa vimejipanga, vinatafuta hewa. Binti alikuwa amemfuata. Mwalimu akapiga magoti, akamtegea sikio kama siku zote.

Binti akalitazama lile sikio. Kisha akageuka, akalala kifudifudi, akabandika midomo kwenye upenyo chini ya mlango, akamnong'oneza pacha wake.

Ofisini vijiko viligonga vikombe, na mtu akacheka.