Mke Aliyechomwa Mionzi

"Hayo ndiyo yote, mama, au kuna jingine?" nesi aliuliza, kalamu imeshasimama juu ya karatasi.

Fundi cherehani alikuwa ameshainuka. Akakaa tena. Miezi saba tangu amalize mionzi ya kansa ya mlango wa kizazi, na swali moja alikuwa bado hajaliuliza.

"Lipo, mwanangu. Ila sijui nilishike wapi."

"Lishike popote."

"Mtu kama mimi, na mumewe... bado tunaruhusiwa?"

Nesi akafunga faili, akasogeza kiti. Hakucheka, wala hakutazama chini. Mnaruhusiwa, akasema, maana umeshapona salama. Mionzi huukausha uke na kuubana, si kosa lake. Waende polepole, akiumia waache, wajaribu siku nyingine. Akampa tyubu ya kilainishi.

Fundi akaigeuzageuza. "Haya ni kama mafuta ya cherehani?"

"Ya cherehani yabaki hukohuko kwenye cherehani, mama! Hata ya kupikia usiguse. Haya ni ya kazi hiyo tu."

Wakacheka wote wawili.

"Na baba anasemaje?"

"Hasemi. Alihamia kwenye kochi siku nilipoanza mionzi. Ananipikia uji, ananifulia, lakini hata bega hanigusi. Nafikiri ananionea kinyaa."

"Unafikiri, au umemuuliza?"

Swali hilo alitoka nalo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kufumua pindo la nguo ya mwenzake ili aone limeshonwaje. Leo akajishangaa kwamba lake mwenyewe hajalifumua. Hakwenda nyumbani. Alinyoosha hadi karakana ya mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, akamkuta peke yake anaunga geti. Akasubiri cheche zikome.

"Baba watoto, nijibu bila kuzunguka. Unanionea kinyaa?"

Mume akavua miwani myeusi. "Nikuonee kinyaa wewe? Nani kakwambia?"

"Kochi limeniambia."

Mume akalitazama geti. "Si daktari alisema unachomwa? Kila siku, wiki tano! Kazi ya kuchoma naijua, mke wangu. Chuma kikiacha wekundu, mgeni hudhani kimepoa, kumbe moto uko palepale. Ukikisukuma mapema, kiungo kinaachia. Nikasema nikikugusa hujapoa, nitakuvunja."

"Miezi saba?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Na mimi nasubiri uniite!" Alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia, machozi yakafuata nyuma. "Bwana wee, mimi si geti. Mashine ile ikizimwa, mwilini haibaki kitu. Walitueleza siku ya kwanza, wewe ulikuwa nje unanitafutia kiti."

Mume akajikuna kichwa. "Na ukiumia je?"

"Nitasema, utaacha. Pengine nitaumia, pengine sitaumia. Sijui. Na mimi nataka kujua."

Mke akaurudisha mlango wa karakana, akafungua kifungo cha chini cha blauzi. Mume akavua glavu moja, kisha ya pili, akajifuta kiganja kwenye suruali. Mkono ukaja umegeuzwa, kwa mgongo wa vidole, kama apimavyo chuma asichokijua joto lake, ukasimama hewani karibu kabisa na ngozi.

Mke akavuta pumzi ndefu, na tumbo likausogelea mkono.