Chini Kwenye Maji Baridi

Mikono yangu ilikuwa imechoka kabla hata sijashika makasia. Kulala nililala, lakini ni ule usingizi wa mtu aliyetega sikio mlangoni. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kulijaribu ziwa. Mjomba akirudi tena mikono mitupu, mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi angepanda hotelini kutia sahihi kwamba tunaondoka, na gati letu lingepewa wenye mabata.

Mabata yenyewe ni mashua za plastiki zenye shingo ndefu na mdomo. Watu wawili wanakaa ndani, wanakanyaga pedali, wanazunguka, wanapiga picha, wanatoka. Hayahitaji mpiga makasia wala mtu anayejua samaki amelala wapi. Mwenye hoteli, ambaye gati ni lake, alikuwa ametuambia kwa upole kabisa kwamba ziwa lisilo na samaki halina haja ya wavuvi.

Kazi yetu ni kupeleka wageni kuvua trauti. Trauti ni samaki wa maji baridi. Siku za baridi huja juu kabisa na kudaka nzi wa bandia tunaowafunga wenyewe kwa uzi na manyoya, na hata mgeni asiyejua kushika fimbo hurudi na kitu cha kuwasimulia wa nyumbani. Joto likizidi, anashuka. Hapo nzi wa manyoya hana kazi. Unatia nyungunyungu kwenye ndoano, juu yake kidogo unafunga chubwi zito la kuizamisha, unateremsha mshipi mpaka kule chini kwenye baridi, kisha mpiga makasia anakwenda polepole mno, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha mgonjwa. Na kule chini trauti hadaki. Anaonja. Ncha ya fimbo haikuambii kitu kwa sababu mawimbi yanaichezesha muda wote. Kwa hiyo mvuvi huupitisha mshipi juu ya ncha ya kidole cha shahada, akasikiliza kwa ngozi.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa na kidole hicho. Alijua samaki na alijua jani, alijua changarawe na alijua tope. Watu walimwita Daktari. Kila msimu wa joto alitangulia alfajiri, akarudi akasema, nendeni upande fulani, kina fulani, na mashua zote zikamfuata na wageni wao. Hakuna aliyewahi kujifunza kusikiliza mwenyewe. Ya nini, na Daktari yupo? Mwaka huu joto lilipoanza alirudi siku ya kwanza akasema kimya. Ya pili, kimya. Wengine wakateremsha mishipi yao kubahatisha, wasipate kitu, wakasema kweli Daktari hakosei. Wageni wakapungua. Vijana wawili wakaacha makasia wakaenda kubeba matofali.

Tulipofika gatini asubuhi hiyo, mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, amevaa shati la kupanda nalo hotelini.

"Daktari, mgonjwa anaendeleaje?"

"Naona ndugu zake mmeshaanza kugawana nguo," mjomba akamjibu.

"Hatugawani. Tunapima tu kama zinatutosha."

"Mimi bata langu liwe la njano," alisema yule mwanamke tunayemwita Redio, mpiga makasia mwenzangu, ambaye hajazimika tangu nimfahamu. "Rangi nyingine sitaki. Na Daktari mpeni lenye mkanda, asije akaliacha kwenye tope kama ndala."

Watu wakacheka. Wiki moja kabla, mjomba alikuwa ameondoka gatini na ndala moja mguuni. Ya pili ilinasa topeni na hakujua mpaka alipofika nyumbani kwake. Redio alilitangaza jambo hilo siku tatu mfululizo. Mjomba naye alicheka, akaingia mashuani, akakaa nyuma mahali pake, nami nikasukuma.

Hapakuwa na upepo. Hewa ilikuwa imeshaanza kupata joto na maji ya juu yalikuwa vuguvugu, kama ya kuoshea vyombo. Nilipiga makasia mpaka kwenye mteremko, pale ambapo ziwa linaacha kuwa la kijani na kuwa jeusi. Mjomba aliteremsha mshipi akihesabu alama. Huwa tunafunga nyuzi nyekundu kwenye mshipi ili kujua kina. Ya kwanza ikazama, ya pili ikazama, akafunga gurudumu la mshipi na kuweka kidole.

"Mkono wako wa kushoto unavuta sana," alisema.

"Umechoka."

"Nani hajachoka, mama."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikapunguza mkono wa kushoto. Tukaenda. Nilimtazama usoni kama kila siku, nikingoja kile kikunjo kidogo kinachokuja kati ya nyusi zake anaposikia. Hakikuja. Uso ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni na hajui kama dirisha limefunguliwa.

Akapandisha mshipi. Ndoano ilikuwa tupu.

"Hawa nyungunyungu wa joto wamelegea," alisema. "Maji yanawachomoa."

Akatia mwingine. Tukapita tena palepale. Safari hii alipoupandisha, nyungunyungu alibaki nusu. Niliinama nikamtazama.

"Mjomba, huyu ameliwa."

"Amekatika."

"Kitu kinachokatika hakiachi ukingo wa meno hivi."

"Wewe piga makasia," alisema bila ukali. "Kutazama niachie mimi."

Akachukua nyungunyungu wa tatu kutoka kwenye kopo na kuanza kumtia kwenye ndoano. Alichukua muda. Aligeuza ndoano huku na huku, akakunja macho, akasukuma, akavuta. Tone likadondoka ndani ya kopo. Halikuwa maji.

"Mjomba, usivute."

"Nini?"

"Ndoano iko kidoleni."

Aliutazama mkono wa kushoto.

"Huo mwingine," nikasema.

Akautazama wa kulia. Ndoano ilikuwa imeingia kwenye ncha ya kidole cha shahada, jino lake lote ndani, na damu ilikuwa ikishuka mpaka kwenye kiganja. Alikitazama kidole kile kama unavyomtazama mtoto wa watu anayelia.

"Hainiumi," alisema.

Niliweka makasia ndani. Nilichukua koleo, nikaisukuma ndoano mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili, nikaikata, nikairudisha nyuma. Ni jambo ambalo nimewafanyia wageni wengi, wanaume wazima wenye ndevu, na hakuna ambaye hakupiga kelele. Mjomba hakuvuta hata pumzi. Nilikifunga kidole kwa kitambaa nilichokuwa nimefunga kichwani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Mjomba."

"Sijui, nakwambia. Ilianza miguuni. Nesi aliniambia ni sukari, akasema nijihadhari na miguu. Hakusema mikono." Alikuwa akiongea taratibu, akijisikiliza. "Kila asubuhi naweka mshipi, nasikia kimya. Mtu akisikia kimya atasema nini? Nilisema kimya. Nilidhani ni ziwa."

Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kukaa, maana hata hasira inahitaji nguvu. Niliwafikiria wale vijana wawili kwenye matofali. Nilijifikiria mimi mwenyewe, niliyekwenda kwa siri kuulizia kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli, nikaambiwa nirudi mwisho wa mwezi. Msimu mzima tulikuwa tumelizika ziwa zima kwa ajili ya ncha ya kidole kimoja, na mwenye kidole alikuwa wa kwanza kukaa matanga.

"Geuza," mjomba akasema. "Turudi."

"Tukaseme nini?"

"Nilichosema jana."

"Mjomba, samaki wapo. Wamekula mara mbili mbele ya macho yangu."

"Wenzako wamekwisha kujiandaa kuondoka."

"Hawajajiandaa. Wamechoka."

"Hakuna tofauti." Aliuweka mkono uliofungwa juu ya goti. "Sikiliza, mama. Hili ziwa likifa, nitakuwa Daktari aliyefiwa na mgonjwa. Watu wananielewa. Lakini likiwa hai, nitakuwa mzee aliyewafukuzisha watu kazi kwa kutojua mkono wake mwenyewe. Redio atanihurumia. Unaijua huruma ya Redio? Ni afadhali anicheke."

Ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikamwambia hakuna atakayemlaumu, lakini wangemlaumu na tulijua wote wawili.

"Njoo ushike makasia," nikasema.

"Mimi?"

"Kidole changu kinauma hata kikiguswa na chumvi. Njoo."

Tulibadilishana nafasi kwa kuinama, mmoja akimshika mwenzake kiuno, mashua ikiyumba. Nilitia nyungunyungu, nikateremsha mpaka uzi mwekundu wa pili, nikaupitisha mshipi juu ya kidole. Mjomba alipiga makasia vibaya. Miaka mingi alikuwa mtu wa kupelekwa. Alinirushia maji mpaka kifuani.

Mwanzoni sikusikia kitu kimoja, nilisikia vyote. Mshipi wote ulikuwa ukinong'ona.

"Kunatetemeka," nikasema.

"Ni mimi na makasia yangu. Puuza. Chini kukoje?"

"Kunakwaruza."

"Changarawe. Pandisha kidogo. Sasa?"

"Kunateleza. Laini, inavuta halafu inaachia."

"Majani. Hapo tuondoke." Akavuta kasia moja kwa nguvu na mashua ikageuka zaidi ya alivyotaka. Akatukana kwa sauti ndogo. Tukarudi kwenye mteremko.

Kisha kikaja kitu kingine. Ilikuwa kama mtu aliye upande wa pili wa kitanda anavuta shuka, taratibu, hataki ujue.

"Mjomba."

"Usivute."

"Ameachia."

"Usivute. Mpe mshipi. Kidogo, urefu wa mkono."

"Anarudi."

"Mwache aonje. Ukimwonyesha kwamba upo, anakwenda zake." Alikuwa ameacha kupiga makasia, ameinama mbele, macho kwenye kidole changu. Kile kikunjo kilikuwa kimekuja kati ya nyusi zake. "Sema anavyofanya."

"Anavuta. Anavuta na haachii. Ni mzito."

"Sasa."

Niliinua fimbo na fimbo ikapinda. Samaki alikwenda chini, akaja, akapita chini ya mashua, mjomba akawa ananiambia legeza, kaza, legeza, mpaka tukamwona akigeuka ubavu ndani ya maji ya kijani. Mjomba alichukua wavu wa mkono, akamkosa mara ya kwanza, akambeba mara ya pili kwa mkono wa kushoto. Alikuwa trauti mkubwa wa kutosha, madoadoa meusi mgongoni na mstari wa waridi ubavuni. Tukamwua pale pale. Ukimrudisha kwenye maji ya joto kama yale baada ya kumchosha hivyo, hafiki chini.

Hatukushangilia. Nilikaa nimeshika fimbo, mabega yakiniuma mahali papya.

"Ni kina kile kile," mjomba akasema. "Mahali pale pale nilipokuwa nawapitia."

Tulirudi, yeye kwenye makasia, kwa sababu alikataa kuyaachia. Ilichukua muda mrefu. Gatini walikuwa wamesimama wote. Nilimwinua samaki kabla hatujafika, na nikaona mwenyekiti akishusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Haya, Daktari kamfufua mgonjwa," alisema. "Umempa dawa gani?"

"Kavua huyu," mjomba akasema, akinielekezea kidevu.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilipiga makasia."

Kicheko kikalipuka. Redio alishika magoti. "Ndiyo maana dada wa watu kaloa hivyo," akasema. "Daktari kaenda kumpasua mtu, karudi kamwogesha." Walicheka kwa furaha kabisa, na ndani ya kicheko kile palikuwa na nafasi. Mjomba angeweza kucheka nao na jambo likaishia pale. Kesho tungetoka tena wawili, mimi ningesikia na yeye angesema, na nani angejua? Alinitazama. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya mashua kwenye nguzo, nikaendelea kuifunga.

"Msicheke kwanza," alisema. "Ziwa halikunyamaza. Mkono wangu ndio umekufa ganzi. Kuvua amevua yeye, kwa sababu mimi sisikii."

Aliinua kidole kilichofungwa kitambaa. Lilikuwa jambo lile lile walilokuwa wamelicheka, na safari hii lilifika.

Mpiga makasia mmoja, mtu mpole, alikuwa akitazama maji. "Mdogo wangu yuko kwenye matofali," alisema.

"Najua."

"Ulijua na hukusema?"

"Nimejua leo."

Yule mtu alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa, akaenda kukaa mbali kidogo. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Mwenyekiti alijifuta uso kwa mkono wa lile shati safi.

"Ni kina gani?" akauliza. Hakumuuliza mjomba.

Kwa mazoea nilimgeukia mjomba. Alikuwa ameinama anatafuta kisu cha kusafishia samaki.

"Uzi wa pili," nikasema. "Kwenye mteremko. Chubwi zito, nyungunyungu mzima, na msivute mapema."

"Utatangulia. Sisi tutakufuata na wageni. Mimi napanda kwa mwenye hoteli nikamwambie asubiri."

"Nimechoka, mwenyekiti."

"Ni wewe peke yako uliyechoka?"

Redio aliingia mashuani kwangu bila kuambiwa, akashika makasia. Tulipoachana na gati, mjomba alikuwa amechuchumaa kwenye ubao wa mwisho, anampasua trauti tumbo kwa mkono wa kushoto, polepole, akitazama sana kila anapopeleka kisu. Hakuinua kichwa. Nilikaa nyuma, nikateremsha mshipi na kuweka kidole.

"Unasikia nini?" Redio akauliza baada ya muda.

"Bado," nikasema. "Piga taratibu."