Mshika Shali wa Malkia

"Kinyumenyume, mwanangu! Usigeuke! Malkia haonyeshwi mgongo," Bibi Lavinia Haverell alifoka. Rosamund, mjukuu wake, akarudi nyuma ukumbini mpaka makalio yakagonga kinanda.

"Bibi, hata kaa angenicheka."

"Kaa hajapata kazi ikulu. Rudia."

Ukoo wa Haverell haukuwahi kushinda vita. Kazi yao ilikuwa kushika vitu. Babu mmoja alishika viatu vya mfalme, mwanawe akashika kikombe, na mwingine alionja chaza kwa niaba ya bwana wake, akazikwa kwa heshima zote. Lavinia alikuwa ameshika shali ya Malkia tangu usichana wake. Sasa ngazi za ikulu zilikuwa zimeyashinda magoti yake, na asubuhi ile alikuwa anamkabidhi Rosamund kazi. Aliwaambia wote kwamba amefurahi. Kisha akajifungia katika chumba cha nguo, akaikunja shali, akaikunjua, akaikunja tena.

Malkia aliwapokea ghorofani, kwenye chumba kinachotazama mazizi. Alikuwa amevaa kofia mpya yenye manyoya.

"Inanipendeza?" alimuuliza Rosamund.

"Sana, Mtukufu."

"Na hali ya hewa leo?"

"Nzuri sana, Mtukufu."

Mvua ilikuwa ikivipiga vioo. Malkia akageuza shingo polepole. "Lavinia?"

"Umevaa kuku aliyenyeshewa, Mtukufu."

Malkia alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mwanamke ananitukana tangu sijaolewa," alisema akijifuta macho. "Sasa wewe, mtoto, niambie neno moja la kweli. La sivyo, rudi kwenu."

Lavinia aliibana shali kifuani. Vizazi vyote vile, halafu mlango ufungwe kwa sababu ya kofia! Rosamund alitupa jicho dirishani.

"Farasi wako wa kijivu anachechemea, Mtukufu. Nimemwona hapo chini tangu tuingie, na hakuna anayemjali. Na kusema kweli, shali siitaki. Ningependa kumshika yeye."

"Rosamund!"

"Mwache," Malkia alisema. Alichungulia mazizini. "Haverell wa kike mazizini. Wakubwa wa huko watanung'unika."

"Hao hunung'unika hata wakipewa keki," Lavinia alijibu kabla hajajizuia.

"Basi nenda, mtoto. Kimbia kabla sijabadili mawazo."

Rosamund aligeuka, akampa Malkia mgongo mzima, akatoka mbio huku sketi ameikusanya mikononi.

Wale wanawake wawili wakabaki. "Na shali atanishikia nani?" Malkia aliuliza, akiangalia pembeni.

"Ngazi, Mtukufu. Magoti yangu..."

"Nitahamia chini. Hata mimi zimenichosha, ila niliona aibu kuanza kusema."

Lavinia aliitandaza shali mabegani mwa Malkia, akaivuta kidogo upande wa kushoto, kama Malkia alivyopenda.

Wakasogea dirishani. Huko chini, Rosamund alitokea uani bila kofia, nywele zimelowa, anaongea na farasi wa kijivu huku akimwongoza taratibu. Mkuu wa mazizi alimfuata akirusha mikono. Rosamund akamkabidhi ndoo.

"Ameichukua ndoo?" Malkia aliuliza.

"Ameichukua."

"Unaniziba, Lavinia. Sogea."

Lavinia alisogea kidogo tu, na vipaji viwili vya nyuso vikaegemea kioo kimoja, pumzi zao zikikitia ukungu.