Kadi ya Nomsa

Kila asubuhi Mama Emiliana alipomwita mjukuu wake, "Nomsa! Njoo unywe chai," Hélène aliinuka kitini. Mwili ulikwenda wenyewe. Ilikuwa siku ya nne tangu mwanawe azikwe kwa jina hilo, na masikio yake yalikuwa hayajakubali kwamba Nomsa anayeitwa ni yule mwingine, yule mzima, wa mlango wa pili kwenye korido ya ghorofa lao pale Troyeville.

Mwanawe aliitwa Murielle. Miaka sita. Alianza na homa, kisha koo, kisha shingo ikavimba mpaka kidevu kikapotea. Kliniki iko mtaa wa chini tu, lakini getini husimama vijana wenye fulana za rangi moja, wanaotaka kitambulisho kabla mtu hajasema anaumwa wapi. Huna? Rudi kwenu. Polisi wakipita huwasalimia: sharp, sharp. Hélène alitoka Bukavu; mwaka wa saba huu anasuka nywele za watu Marshalltown, na karatasi yake ya ukimbizi iliisha muda akiwa kwenye foleni ya kuifanya upya.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mama Emiliana ni mtu wa Morogoro, aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku kusini, akaja naye. Mzee akafa, kitambulisho kikabaki. Alishawapitisha watoto wa korido nzima pale getini kwa kadi za kliniki za wajukuu zake wawili. Hakuna aliyeuita uongo. Wangefanyaje?

"Unaitwa nani?" bibi alimfundisha mtoto.

"Murielle."

"Huyo tumemwacha nyumbani. Unaitwa nani?"

"Nomsa."

"Hapo sawa, mjukuu wangu. Na ukifika ndani, Kiswahili kimeze."

Getini wakapita. "Eish, gogo," wakamwita bibi kwa lugha yao, "ingia." Muuguzi akaifungua kadi kabla ya kuufungua mdomo wa mtoto. Sindano zote za chanjo zimo, mihuri imejipanga. Mihuri ya Nomsa! Murielle hakuwahi kuchomwa hata moja. Muuguzi akachungulia koo, akaona weupe, akairudia kadi, ikamtuliza. Mafindofindo haya, akasema, akatoa dawa ya maji. Mama Emiliana angeweza kusema neno moja tu pale. Hakusema. Anayetaka kumlaumu akasimame kwanza yeye na wale vijana nyuma ya mgongo wake.

Siku ya tatu baada ya kliniki, hospitali, kadi ileile. Ugonjwa ukapata jina lake: dondakoo. Utando ulikuwa umeziba njia ya hewa. Hélène aliambiwa akae nje, jirani haruhusiwi wodini. Jirani! Kupitia mlango aliisikia pumzi ya mwanawe ikivutwa kwa mluzi. Akamsikia daktari akiuliza, "Unaitwa nani, mtoto?" Na Murielle, mtoto msikivu, akajibu kama alivyofundishwa. Hakusema kingine tena.

Sasa asubuhi hiyo ya nne baada ya maziko maafisa wawili wa afya walipanda ngazi na sanduku la baridi la chanjo, wakagonga kwa Mama Emiliana. Anwani ya marehemu ilikuwa hiyo. Nomsa akasukumwa chini ya kitanda. Afisa akasoma orodha ya waliokaa na marehemu, akamchoma bibi sindano, akamchoma na Thabo, mjukuu wa kiume wa miaka minne, aliyelia mpaka akapewa peremende.

Hélène akatokea mlangoni. Mgongoni alimbeba Chloé, mdogo wake Murielle, naye ana minne. Tangu alfajiri mtoto alikuwa moto.

"Na huyu," akasema kwa Kiingereza. "Alilala kitanda kimoja na... na marehemu."

"Jina?"

"Chloé."

"Halimo. Namba ya kitambulisho?"

Chini ya kitanda zilionekana soksi za njano. Mama Emiliana alikuwa ametoa macho, anatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Hélène akafungua mdomo, na maneno yakatoka kwa Kiswahili cha kwao.

"Ule alikufa ni mutoto wangu. Aliitwa Murielle."

"Anasemaje?" afisa akauliza.

"Msiba umemlemea," Mama Emiliana akatafsiri.

Hélène alitaka kulirudia neno lile kwa Kiingereza. Akaziona zile soksi. Akaona akilini bibi akitiwa pingu, na korido nzima ikibaki bila wa kuwapitisha watoto getini. Akamkaza Chloé mgongoni.

"Ampeleke kliniki," afisa akasema, akifunga sanduku.

"Getini wanatufukuza."

"Mambo ya getini si idara yetu, mama."

Walipokwisha shuka, Mama Emiliana alikuja na kadi ya Thabo imefungwa kwenye kanga. Hakukaa.

"Ile ya Nomsa imeshakufa, mwanangu. Imebaki hii."

"Safari hii utasema hajachomwa?"

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa," bibi akasema, akitazama beseni la maji.

Hélène akachukua mashine yake ya kazini ya kunyolea. Misuko ya Chloé aliisuka mwenyewe Jumapili ile kabla ya homa, dada mtu akishika kikopo cha shanga. Ikaanguka sakafuni mmoja mmoja, shanga zikagonga sementi. Mtoto akabaki na kichwa kidogo, cha kivulana.

"Unaitwa nani?"

"Chloé."

"Huyo tumemwacha nyumbani. Unaitwa nani?"

Mtoto akameza mate, akakunja uso kwa maumivu.

"Thabo," akasema, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Vizuri," mama yake akasema. "Sema tena."