Dole Gumba la Ngigi

Kosgei alitengeneza bunduki katika shamba la mzungu mmoja huko Rongai, na kutu aliichukia kama mwizi. Asubuhi moja mwaka 1954 alifungua ubao wa bunduki ya bwana wake, akakuta chini yake, kwenye chuma, alama ya kutu yenye umbo la dole gumba.

Hakuhitaji kuuliza ni ya nani.

"Ngigi! Mara ngapi nimekwambia usishike chuma kwa mkono mtupu? Jasho ni chumvi!" alifoka kwa mazoea, akigeukia benchi ya pili.

Ilikuwa tupu. Ngigi, msaidizi wake, na Wakikuyu wenzake walipakiwa na serikali kwenye lori mwaka uliopita, wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu.

Kosgei akasugua mtutu kwa msasa, akaupasha moto, akaupaka dawa ya rangi, akarudia na kurudia mpaka ukapata tena weusi wake wa buluu. Alama ile tu hakuigusa. Ubao ungeifunika, bwana asingeiona.

Kabla ya kufunga ubao, Kosgei, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kugusa chuma bila kitambaa, alipangusa mafuta kidogo kwenye chuma, akalamba dole gumba lake, akaligandamiza kando ya lile la Ngigi.