Maneno ya Mbunge wa Mlali

Siku wanajeshi walipovamia Bunge pale Dodoma, Scolastika alikuwa kwenye meza ya waandishi wa kumbukumbu, akinukuu kila neno. Wabunge wengi walijificha chini ya viti. Charles Matonya, mbunge wa Mlali, alisimama.

"Nani kawachagua nyinyi?" aliwauliza. "Tokeni humu!"

Walimpiga kwa vitako vya bunduki, wakamburuta nje. Hakuonekana tena.

Wiki iliyofuata meja mmoja alimwekea Scolastika kumbukumbu mpya mezani. Zilisema Matonya aliyapigia makofi mapinduzi, kisha akatorokea nje ya nchi.

"Saini."

Akasaini.

Miaka mitatu ikapita. Magazeti yalifungwa, uchaguzi ukafutwa. Kisha redio ikatangaza kwamba shule aliyoijenga Matonya kule Mlali sasa itaitwa kwa jina la Jenerali. Scolastika alijichukia hata chakula kikamshinda. Kesho yake akaenda Mlali.

Alimkuta Priska, mke wa Matonya, akipura alizeti uani. Akamweleza yote.

Priska akaangusha fimbo. "Kumbe ni wewe! Miaka mitatu nikifika kisimani wanawake wananipisha kama mwenye ukoma. Wanangu wanaitwa watoto wa msaliti. Leo unaniletea pole?"

"Sijaleta pole, dada. Nimeleta maneno yake. Nayakumbuka yote."

Priska aliingia ndani, akatoka na daftari, akalitupa miguuni pake. "Andika. Na jina lako uliweke."

Jumapili, baada ya matangazo kanisani, Priska alisimama akalisoma daftari lile mpaka mwisho. Mzee wa kanisa, ambaye tangu siku zile hakuwahi kumpa mkono, aliinamisha kichwa.

"Usiiname," Priska alimwambia. "Nitazame."

Jumanne wanajeshi walimchukua Scolastika nyumbani kwake Nzuguni, Dodoma. Habari zilipofika Mlali, Priska hakusema amemsamehe. Alijifunga kanga, akaenda mjini mpaka kwenye geti la kambi.

"Mume wangu mlimficha," alimfokea askari wa zamu. "Huyu hamnifichi. Mtoeni nimwone!"

Walimfukuza kwa mateke. Kesho yake akarudi na wanawake kumi na mmoja wa Mlali, wengine ni walewale waliokuwa wakimpisha kisimani. Scolastika bado hajatolewa. Wanawake nao hawajaacha kwenda.